Kabla ya Kuhama Mfumo: Mistari Saba Ambayo Hakuna Aliyeitaja

Kwa miezi minne sasa kazi yangu kubwa imekuwa kuandaa mpango wa kuuhamisha mfumo wa kompyuta wa mauzo, ghala na uhasibu wa kampuni ninayoifanyia kazi, ambayo inauza vifaa vya ujenzi kwa jumla. Duka liko Gerezani, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, na ghala liko Vingunguti. Mfumo wenyewe ni Odoo toleo la 12, lililotoka mwaka 2018, na tunakusudia kuhamia toleo la 17, lililotoka Novemba 2023. Tarehe tumekwisha kuipanga, nayo ni mwisho wa Aprili 2025. Kabla haijafika nimeona niandike jambo ambalo lilinichukua muda kulielewa, kwa sababu najua wapo wahasibu na mafundi wa mifumo wengi wanaokabiliwa na kazi ya namna hii, na karibu kila mtu anawaambia kwamba dawa ni kutupa marekebisho yote ya zamani yaliyoongezwa kwenye mfumo na kuanza upya na mfumo ulio mtupu.

Ushauri huo una nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba ndani ya marekebisho hayo imo kumbukumbu ya hasara tulizowahi kupata na mbinu tulizobuni ili hasara hizo zisirudi, na kumbukumbu hiyo haikuandikwa mahali pengine popote. Anayeifuta bila kuisoma atalipa upya ada ambayo ilikwisha kulipwa.

Kwa asiyeufahamu, Odoo ni mfumo ulioanzia Ubelgiji mwaka 2005 ukiitwa TinyERP, ukaja kuitwa OpenERP, na jina la sasa ukalipata mwaka 2014. Toleo kubwa jipya hutoka kila mwaka, kwa kawaida Oktoba au Novemba, na waundaji wake huyahudumia matoleo matatu ya mwisho tu. Maana yake ni kwamba toleo letu liko nje ya huduma tangu mwaka 2021, toleo la 15 lilipotoka. Kwa kuwa msimbo, yaani maandishi ya programu, wa toleo la jamii uko wazi kwa yeyote, kila fundi aliyepita kwetu aliongeza la kwake: huyu moduli (kipande cha ziada cha programu) ya bei, yule moduli ya ghala, mwingine sehemu mpya ya kujaza kwenye fomu ya mteja. Tulipohesabu mwezi wa kwanza wa kazi hii tulikuta moduli za ziada 27, na ndani ya kampuni hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeweza kueleza zote.

Wakuu wangu waliniuliza kwa nini tusizichukue moduli hizo kama zilivyo tukazipachika kwenye toleo jipya. Haiwezekani, na sababu ni ya kiufundi kabisa. Katika toleo la 13 waundaji waliliondoa jedwali la ankara lililokuwa likijitegemea, wakaliunganisha na jedwali la maingizo ya kihasibu, hivi kwamba ankara sasa ni aina mojawapo ya ingizo la leja. Marekebisho yoyote yaliyokuwa yameshikamana na ankara, na kwetu yalikuwa zaidi ya nusu, yalipoteza mahali pa kushika. Katika toleo la 17 ikaondolewa namna ya zamani ya kuelekeza ni sehemu gani ya fomu ionekane na ipi ifichwe kulingana na hali ya hati. Katikati ya hayo, skrini ya keshia imeandikwa upya kwa teknolojia nyingine. Kwa hiyo kila tunachotaka kiendelee kuwepo ni lazima kiandikwe tena, kijaribiwe tena na kulipiwa tena, na hilo ndilo linalomlazimisha mwenye mfumo kutoa uamuzi juu ya kila kimoja.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuitisha kikao. Tuliwaita wakuu wa mauzo, uhasibu, ununuzi na ghala, tukawaomba kila mmoja ataje marekebisho anayoyahitaji, na baada ya saa mbili tukatoka na orodha ya vitu kumi na kimoja. Orodha ilipendeza kwa ufupi wake. Baadaye ndipo nilipotambua kwamba mtu huyakumbuka marekebisho aliyoyaomba mwenyewe na yale yanayomsumbua. Kinachofanya kazi kimyakimya hakimjii akilini, kama vile mtu asivyolikumbuka komeo la mlango ambao haujawahi kuvunjwa.

Mistari saba ya msimbo ndiyo iliyonifundisha hivyo. Nilikuwa nikipitia moduli ndogo iliyoandikwa mwaka 2019 na fundi ambaye hayupo nasi tena. Haikuwa na maelezo yoyote. Ilichofanya ni kuhesabu mara ambazo hati ya kutolea mzigo imechapishwa: mara ya kwanza karatasi inatoka kama kawaida, na kuanzia mara ya pili neno NAKALA linachapwa kwa herufi kubwa za kijivu kukatiza ukurasa wote. Kwenye kikao hakuna aliyeitaja. Mhasibu mkuu hakuwa na habari nayo. Mimi mwenyewe niliiweka katika kundi la vitu vya kuachwa, nikiamini kwamba ni pambo tu.

Wiki iliyofuata nilikwenda Vingunguti kwa shughuli nyingine, nikamwonyesha mtunza ghala karatasi moja yenye neno hilo na kumuuliza kama lina kazi yoyote. Aliishika karatasi, akaivuta karibu na macho, kisha akanirudishia. “Hiyo usiiguse, mwanangu,” akasema. Akanieleza kwamba zamani, kabla ya neno hilo, gari lilipakia mabati asubuhi kwa hati halali, na mchana likaja gari jingine na hati ileile, imechapishwa upya dukani, sahihi ipo na muhuri upo. Naye akatoa mzigo mara ya pili. Ilijulikana siku ya kuhesabu mali, wiki tatu baadaye. “Zilikuwa pacha,” alisema. “Ningejuaje?” Tangu hapo hatoi hata msumari kwa karatasi yenye neno NAKALA mpaka apige simu dukani na kupewa jibu na mtu anayemfahamu kwa sauti.

Nilirudi ofisini nikaifuta orodha ya kikao, nikaanza upya kwa njia nyingine.

Safari hii nilianza na msimbo wenyewe, na hapo tulipata mshtuko. Zaidi ya moduli 27 zilizokuwa kwenye folda yake, kulikuwa na mabadiliko yaliyofanywa moja kwa moja ndani ya mafaili ya asili ya Odoo, jambo ambalo fundi makini hapaswi kulifanya kamwe, maana halionekani kwenye orodha yoyote. Tuliyapata kwa kupakua toleo la 12 lililo safi na kulilinganisha na letu, faili kwa faili. Mafaili matatu yalitofautiana. Moja lilikuwa la kukadiria senti kufikia namba kamili. Kama tungehama bila ulinganisho huo, mabadiliko hayo yangepotea bila kuaga, na mtu wa kwanza kugundua angekuwa mteja.

Baada ya msimbo nikaihoji hifadhidata, ambayo haina aibu wala upendeleo. Katika Odoo, sehemu za kujaza zilizoongezwa kupitia skrini, bila kuandika moduli, majina yake ya ndani huanza na herufi x na mstari wa chini, kwa hiyo kuzikusanya ni rahisi. Kwa kila moja niliuliza maswali mawili: imejazwa kwenye kumbukumbu ngapi, na mara ya mwisho kujazwa ilikuwa lini. Zipo sehemu ambazo hazijaguswa tangu mwaka 2020. Ipo moja, inayoitwa Mdhamini, ambayo imejazwa kwa karibu kila mteja wa mikoani, mara nyingine ikiwa na majina mawili na namba za simu tatu zilizobanwa kwenye kisanduku kimoja. Ukiona watu wanakibana kisanduku kiasi hicho, ujue kimebeba kitu wanachokihitaji.

Hata hivyo hesabu hizi zisiachwe ziamue peke yake. Neno NAKALA linachapwa mara chache tu kwa mwaka, na hesabu ya matumizi ingelihukumu kifo. Kinga hupimwa kwa kile ambacho hakijatokea, na hicho hakina jedwali.

Kisha nikakaa na watu. Si kuwahoji, bali kukaa kando yao wakiwa kazini, hasa siku za mwisho wa mwezi. Kando ya keshia wetu nilikaa siku nzima bila kusema mengi. Niliona kwamba hamtafuti mteja kwa jina hata mara moja. Anaandika tarakimu nne za mwisho za simu na jina linajitokeza. Nilipomuuliza sababu alijibu bila kugeuka, “Kaka, wateja wanaoitwa Juma ninao zaidi ya kumi na watano. Namba haina pacha.” Hayo pia ni marekebisho, mistari michache tu ndani ya moduli yenye jina lisilohusiana kabisa na simu, na hayakuwemo kwenye orodha ya kikao. Kwa mhasibu nilikuta faili la Excel analolifungua kila asubuhi ili kulinganisha malipo ya simu yaliyoingia kupitia lipa namba na risiti za siku iliyotangulia. Faili hilo halimo ndani ya mfumo, lakini bila hilo mfumo haufungi siku, kwa hiyo tumelihesabu kuwa ni sehemu ya kazi ya kuhama.

Kila kilichopatikana kiliandikiwa ukurasa wake: kilizaliwa kwa sababu gani, nani anakitumia, na kikikosekana siku ya kwanza nini kitatokea. Pale ambapo hatukupata mtu wa kueleza sababu, hatukufuta. Tulikizima kwenye nakala ya majaribio tukawaachia watumiaji waendelee, tukisubiri atakayelalamika. Vingine havikupata wa kuvililia, na hivyo vimeachwa.

Jambo lililotusaidia kuliko yote katika kuamua ni kutenganisha hitaji na msimbo. Mfano wangu ni nondo. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa takriban kilo 10.67, kwa kanuni ambayo wauzaji wa chuma wengi wanaijua kwa moyo: kipenyo kwa milimita, zidisha kwa chenyewe, gawanya kwa 162, unapata kilo kwa kila mita. Tani moja ni karibu vipande 94. Sisi tunauza kwa kipande, lakini dereva anafikiri kwa tani, kwa sababu lori linalokwenda Morogoro lina mizani ya magari ya Vigwaza mbele yake barabarani na halina pa kuuficha uzito. Fundi wa zamani aliandika moduli ya mistari zaidi ya mia nne iliyokokotoa uzito wa kila oda kwa kanuni hiyo, ikiwa na skrini yake, jedwali lake la vipenyo na ripoti yake. Hitaji ni la kweli na linabaki. Msimbo hauhitajiki, maana kila bidhaa ndani ya Odoo ina sehemu ya uzito, na ikijazwa, mfumo wenyewe unajumlisha uzito kwenye hati ya kutolea mzigo. Mtu mmoja alikaa alasiri moja akajaza uzito wa nondo, mabati, mabomba na saruji. Tumeokoa kazi ya wiki kadhaa, na dereva anapata namba ileile.

Ukomo wa deni ulitufundisha kinyume chake. Tangu toleo la 16, Odoo inao uwezo wake wa kumwekea mteja ukomo wa deni, na mshauri mmoja tuliyemwita alitushauri tuiache moduli yetu kwa kuwa jambo hilo sasa lipo. Tulilijaribu. Mteja akivuka ukomo, tangazo la onyo linajitokeza juu ya oda, na muuzaji akibonyeza kuthibitisha, oda inathibitishwa. Moduli yetu haionyi. Inazuia, na kizuizi hakiondoki mpaka mhasibu mkuu aingie kwa jina lake na kuandika sababu. Kati ya kuonya na kuzuia, siku ya mauzo makubwa, kuna tofauti ya mamilioni ya shilingi. Vitu hivyo viwili vinafanana jina, havifanani kazi. Ninawasihi wanaopanga kuhama wasikubali neno “sasa lipo” mpaka wakae na mtumiaji halisi wakajaribu pamoja tukio lile ambalo marekebisho yalitengenezwa kulizuia. Tumetumia ukomo wa Odoo kama msingi na kuongeza kizuizi chetu juu yake, kwa msimbo ambao sasa ni robo ya ule wa zamani.

Nitakaa zaidi kwenye mali kauli, kwa sababu hilo ndilo moyo wa biashara yetu na ndilo ambalo hakuna mfumo wa nje utakaokuja ukiwa nalo. Mwenye duka la vifaa Morogoro au Dodoma anachukua mzigo kwa kauli yake, anauza, analeta fedha, asipouza anarudisha. Si mauzo ya mkopo ya kawaida, maana haki ya kurudisha ipo tangu mwanzo. Si amana pia, maana bei imekubaliwa na muda umekubaliwa. Mfumo ukilazimishwa kuliona jambo hili kama mkopo, wadeni wanavimba na mauzo yanaonekana makubwa kuliko yalivyo. Ukilazimishwa kuliona kama mzigo uliohamishwa ghala, hakuna anayefuatilia siku. Moduli yetu ilimpa kila mwenye duka eneo lake ndani ya hesabu ya mali, kana kwamba ni kona ya ghala letu iliyoko Morogoro, ikahesabu siku tangu mzigo ulipotoka, na ikamfungamanisha na mdhamini wake. Hesabu ya siku na mdhamini ndiyo yanayofanya kauli iwe na uzito.

Hapo tuliamua kuandika upya kutoka mwanzo, na kwa masharti. Moduli mpya inasimama peke yake, inatumia maeneo ya ghala ya Odoo kama yalivyo, haigusi faili lolote la asili, na kila jambo inaloongeza limeelezwa kwa Kiswahili ndani ya msimbo wenyewe, pamoja na sababu yake. Mdhamini hakai tena kwenye kisanduku cha maneno. Ni kumbukumbu ya mtu, ana simu yake na ana orodha ya aliowadhamini. Tulipolijenga hivyo tuligundua jambo ambalo kisanduku cha zamani kilituficha: wapo wadhamini wachache waliowadhamini wenye maduka wengi kupita uwezo wao. Hiyo ni faida ya kuandika upya kitu kinachofaa badala ya kukinakili kikiwa na makovu yake.

Kuhusu risiti hakukuwa na mjadala. Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianza kuwataka wafanyabiashara waliosajiliwa kwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) watumie mashine za kielektroniki za risiti, EFD, mwaka 2010, na kwetu ankara haikamiliki mpaka risiti irudi ikiwa na namba yake ya uthibitisho. Kipande kinachounganisha ankara na risiti kilipewa kipaumbele cha kwanza, kikajaribiwa kando na mengine yote, na siku ya kuhama mashine ya kawaida itakuwa mezani ikiwa na chaji na karatasi, ili mteja asikose risiti hata kama kila kitu kingine kitakwama.

Ripoti zilikuwa nyingi na uamuzi wake ulikuwa mwepesi. Tuliacha kuzituma kwa wiki mbili bila tangazo, isipokuwa zile za kodi na za kufunga mwaka, na zilizoulizwa ndizo zinazohama.

Uhamishaji wenyewe wa data tunaufanya kwa OpenUpgrade, kazi ya jumuiya ya watumiaji wa Odoo, ambayo hupandisha hifadhidata ngazi kwa ngazi: kutoka 12 kwenda 13, kisha 14, 15, 16, hadi 17. Nilitamani kuanza na hifadhidata tupu na kuingiza masalio ya kufungulia hesabu tu, kwa kuwa ni njia fupi. Nimeiacha kwa sababu ya mali kauli: historia ya nani alirudisha mzigo na nani alileta fedha kwa wakati ni mtaji wetu, na masalio hayabebi historia. Wapo walioniuliza kwa nini 17 na si 18, lililotoka Oktoba 2024. Nilitaka toleo ambalo wengine wamekwisha kulitembelea na moduli za jumuiya zimekwisha kulifikia. Gharama yake ni kwamba tunapoteza mwaka mmoja kati ya mitatu ya huduma, na ninaikubali, kwa sababu marekebisho yakiwa machache na yamejitenga kama tulivyoyajenga sasa, kuhama tena hakutatisha.

Baada ya kila ngazi tunalinganisha urari (jumla za akaunti zote), orodha ya wadeni na thamani ya mali ghalani na vile vya mwanzo, hadi senti. Kwenye jaribio la kwanza urari ulilingana na wadeni hawakulingana. Tuliitafuta tofauti kwa siku mbili. Kumbe fundi mmoja wa zamani aliongeza hali ya ziada kwenye ankara, “inasubiri mdhamini”, katikati ya rasimu na iliyothibitishwa. Hatua ya kwenda 13 inazijua hali za kawaida tu, kwa hiyo ankara zilizokuwa katika hali hiyo zilibaki katikati, hazikuwa rasimu wala ankara. Sasa tunazirudisha zote kwenye rasimu kabla ya kuanza, tukiziandika pembeni, na mdhamini anathibitishwa kwenye moduli mpya.

Jaribio la pili lilileta jambo ambalo bado linaniuma. Tuliiwasha nakala ya majaribio jioni tukaenda nyumbani. Ndani yake, kazi zinazojiendesha zenyewe zilikuwa hai, ikiwemo ile ya kutuma ujumbe wa kukumbusha madeni. Usiku ule wateja wetu halisi walipokea ujumbe wa madeni ya miezi mitatu iliyopita, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kulipa. Asubuhi mzee mmoja wa Dodoma, mtu wa kauli yake tangu kampuni ianze, alimpigia mwenye kampuni akiuliza kama heshima imekwisha. Tulimpigia kila mmoja kumwomba radhi. Tangu hapo, jambo la kwanza kwa nakala yoyote ya majaribio, kabla haijawashwa, ni kuzima kazi zinazojiendesha, kufuta mipangilio ya kutuma ujumbe na barua pepe, na kubadilisha namba za simu za wateja na wadhamini ziwe za uongo. Hili la mwisho lina uzito wa kisheria pia, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na nakala inayozunguka kwenye kompyuta za mafundi ikiwa na simu za watu ni hatari tusiyokuwa na sababu ya kuibeba.

Tarehe tuliichagua kwa kutazama mvua na kodi. Masika yanapokolea ujenzi unapungua na duka linapumua. Kuhama siku ya mwisho ya mwezi kunafanya ritani ya VAT ya Aprili, inayotakiwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, itoke yote kwenye mfumo wa zamani, na ya Mei yote kwenye mpya. Tarehe 30 Aprili ni Jumatano. Tutafunga jioni, tutahesabu mali Mei Mosi wakati duka limefungwa kwa sikukuu, na Ijumaa itakuwa ya kulinganisha. Saa kumi jioni ya Ijumaa ndiyo saa ya uamuzi: urari, wadeni na mali vikilingana, Jumamosi tunafungua na mfumo mpya, kimojawapo kikikataa, tunafungua na wa zamani na hakuna atakayelaumiwa. Mfumo wa zamani utabaki ukisomeka bila kuandikika, maana nyaraka za kodi zinapaswa kutunzwa kwa miaka mitano.

Wiki iliyopita nilipeleka kompyuta Vingunguti ikiwa na toleo la 17. Mtunza ghala aliomba achapishe mwenyewe. Akatoa hati ya kwanza, akaisoma kuanzia juu hadi chini, akaiweka kando. Akabonyeza tena. Karatasi ya pili ilipotoka na neno lile likiwa limekatiza ukurasa, alizipanga mbili pamoja juu ya gunia la saruji, akachukua kalamu, akatia sahihi yake kwenye ukurasa wa majaribio mahali palipoandikwa “imekubaliwa na mtumiaji”. Kisha akaniuliza kama herufi zinaweza kuongezwa weusi kidogo, maana mashine ya ghalani wino wake huwa hafifu. Nimeliandika hilo kwenye orodha.